Kiti Alichokiota Kisamvu

Hivi wewe, ushawahi kujiuliza paka akilala huota nini? Katika Dodoma ya miaka hiyo, jiji la mapaa yanayogeuka kulifuata jua, hilo halikuwa fumbo tena. Kulikuwa na mashine iitwayo kisomandoto, yenye nyuzi laini kama utando wa buibui. Paka akisinzia, nyuzi zinamgusa kichwani, zinasoma anachokitamani, kisha mikono ya chuma inakunja maboksi makuukuu mpaka yawe kitanda chake. Hakuna gundi, hakuna msumari. Kikichakaa unakiloweka, kinakuwa mbolea ya mchicha.

Siku moja Bi Sikudhani alimpeleka Kisamvu, paka wa bintiye Mwanahawa, kwenye duka la vitanda hivyo. Tangu binti aende kufanya kazi kituo cha mwezini, paka hakutulia popote. Na jioni hiyo Mwanahawa alitakiwa ajibu wakubwa wake: abaki miaka mingine saba, ama arudi. Kila akimuuliza mamake, Bi Sikudhani humwambia, "Mie sina neno, mwanangu. Fuata moyo wako."

Dukani, Kisamvu alionyeshwa mnara wa ghorofa tatu, pango, hata machela ya kuning'inia. Vyote vya boksi, vyote vizuri. Alivinusa tu, akavipa mgongo.

"Anaringa kama bibi harusi," alisema fundi Mazengo, akiwasha kisomandoto. "Basi aseme mwenyewe, mama."

"Aseme. Mie nimechoka kumbembeleza."

Kisamvu akasinzia. Mikono ikakunja taratibu, kama mtu anayekunja kanga zake. Bi Sikudhani alitazamia kikapu. Badala yake ikatokea miguu miwili iliyopishana, goti la kushoto limeinuka kidogo, katikati kibonde.

"Hiki sijapata kukiona," Mazengo alisema. "Ni kiti?"

Bi Sikudhani akaligusa lile goti. Ndivyo Mwanahawa alivyokuwa akikaa mkekani kuchambua mchele, goti moja juu, paka katikati.

"Ni mapaja," alisema. "Ya mwanangu."

Jioni, uso wa Mwanahawa ukaelea sebuleni, umeumbwa kwa mwanga mtupu.

"Mama, ndiyo nakwenda kujibu. Kweli huna neno?"

Bi Sikudhani akamtazama Kisamvu. Alikuwa amejikunja ndani ya kile kibonde, amejibana sana, anatafuta joto ambalo boksi halina.

"Ninalo," alisema. "Nataka urudi nyumbani."