Nyoka Shavuni mwa Mehitabel

"Nitengenezee nyoka," alisema Hakimu Eliphalet Stroud, amesimama mlangoni mwa karakana na kofia yake kichwani. "Wa chuma cha kuchomea, mdogo, wa kuenea shavuni. Mkia umejikunja, mdomo wazi. Kesho Harrow Mill nzima ione dhambi ina sura gani."

Gershom Tarbox, mhunzi wa kijiji kile cha Massachusetts, aliacha kuvuta mivukuto.

"Shavu la nani, Bwana Hakimu?"

"Unajua la nani."

Alijua. Mjane Mehitabel Averill alikuwa jela tangu Jumatatu, na mwanamume aliyekuwa amuoe ni yeye Gershom. Tangazo la ndoa yao lilikwisha kusomwa mara mbili mbele ya waumini.

"Ndugu yangu, nakuonea huruma," Stroud alisogea na kumshika bega. "Alinifuata ghalani kwangu. Akafungua vifungo vya gauni kwa mkono wake. Hawa alimlisha mumewe tunda. Huyu alitaka kunilisha mimi, mume wa mtu! Nilimkimbia kama Yusufu alivyomkimbia mke wa Potifa."

"Alisema nini?"

"Mambo mengine uyaache."

"Alisema nini?"

"Kwamba unanuka makaa. Kwamba anakuvumilia tu, kwa sababu mjane hachagui."

Gershom alichukua nyundo. Siku ile alifua chuma kwa hasira ambayo hakujua anayo, cheche zikimrukia mikononi asizisikie. Jua lilipoinama, nyoka alikuwa tayari, na hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Hata magamba yalionekana.

Akamtia kwenye mfuko wa ngozi, akaenda jela.

Mehitabel aliinuka kutoka kwenye majani aliyolalia.

"Umekuja kunitoa?"

"Nimekuja kuuliza. Ulikwenda ghalani kwake?"

"Nilikwenda kuchukua mbegu za shayiri. Mkewe ndiye aliyeniahidi."

"Kwa hiyo ulikwenda."

"Gershom! Alinikaba koo. Nilimng'ata bega la kushoto mpaka nikaonja damu, ndipo akaniachia. Sasa anataka kunichoma usoni ili nikifungua mdomo, watu wamtazame nyoka, wasinisikilize mimi."

"Ulimwambia nanuka makaa?"

Mehitabel alimkodolea macho, kisha akacheka, cheko baya lisilo na furaha.

"Unanuka makaa! Mara ngapi nimekwambia mwenyewe, usoni, nikakutupia sabuni? Mimi kesho nachomwa kama ng'ombe, wewe umekuja na habari za harufu?"

Mkono wa Gershom ulishuka wenyewe kwenye mfuko wa ngozi. Mehitabel akauona.

"Nini hicho?"

Gershom alifungua mfuko, mkia wa chuma ukachomoza.

"Umekitengeneza," alisema taratibu. "Kwa mkono wako."

"Mehitabel..."

Akamtemea mate usoni. "Toka. Toka kabla sijakutoa macho."

Kesho yake theluji ilikuwa imefunika uwanja wa mbele ya nyumba ya ibada. Watu walijaa, wamevaa nguo nyeusi, wakisukumana ili waone vizuri. Mchungaji aliomba mpaka vidole vya watu vikafa ganzi. Mehitabel alikuwa amefungwa kwenye nguzo, kichwa kimebanwa kwa mkanda.

"Mhunzi," aliita Stroud, "fanya kazi yako."

Gershom alimtoa nyoka kwenye makaa, mwekundu, anatoa mvuke kwenye baridi ile. Akamsogelea Mehitabel. Kola ya gauni ilikuwa imevutwa chini kuacha shavu wazi, na shingo nayo ikabaki wazi. Hapo akaziona: alama za vidole vinne upande mmoja, za gumba upande wa pili, zimegeuka rangi ya zambarau.

"Unangoja nini?" Mehitabel alimwambia kwa sauti ya chini. "Choma, mume wangu."

Gershom akageuka.

"Bwana Hakimu, vua joho. Tuone bega lako la kushoto."

Watu wakaguna.

"Huyu ameingiliwa na shetani!" Stroud alifoka. "Askari!"

Kitako cha bunduki kilimpata Gershom mdomoni. Akaanguka, akatema meno yake ya mbele kwenye theluji. Kabla hajainuka, Stroud alikiokota chuma mwenyewe na kukikandamiza shavuni mwa Mehitabel. Ngozi ikalia kama mafuta kwenye kikaango. Watoto wakafichwa nyuso, lakini harufu iliwafikia.

Mehitabel alipiga ukelele, kisha ukelele ule ule ukageuka maneno.

"Bega lake! Mtazameni bega lake!"

Gershom alinyanyuka na damu yake mdomoni. Stroud alimchapa na chuma, nyoka akamwunguza mkono wa kushoto, lakini Gershom hakurudi nyuma. Alimpiga Hakimu ngumi moja, pua ikavunjika, ya pili ikamlaza. Akalishika joho kwa mikono miwili, akalichana, na shati chini yake akalichana. Begani palikuwa na duara la meno, limetunga usaha.

"Mbwa!" Stroud alilia kupitia damu. "Ni mbwa wangu aliyeniuma!"

Wakati huo ndipo Bi Keziah, mke wa Stroud, aliposogea mbele. Mwanamke yule kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kupaza sauti mbele za watu.

"Hatuna mbwa," alisema.

"Nyamaza wewe!"

"Hatujawahi kufuga mbwa, Eliphalet. Mimi uliniambia ni msumari wa ghalani. Nikakuosha, nikaona ni meno, nikanyamaza. Bi Averill, nisamehe."

Stroud alimrukia mkewe na mikono yote miwili. Hakumfikia. Wanawake walimdaka, wale wale waliokuja kuona mwenzao anachomwa, wakamvuta nywele, wakamkanyaga kwa viatu vya mbao mpaka mbavu zikasikika zikivunjika. Askari walipomtoa mikononi mwao, jicho lake moja lilikuwa limekwisha kupotea. Alifukuzwa kijijini kabla vidonda havijakauka.

Gershom naye alichapwa viboko pale pale uwanjani. Kumpiga hakimu ni kosa, walisema, hata hakimu akiwa mchafu.

Alikwenda nyumbani kwa Mehitabel, aliyekwisha kuachiwa huru, na shati limegandia damu mgongoni. Akasimama mlangoni.

"Ulipokuwa unakitengeneza," aliuliza Mehitabel, kitambaa kimefunika nusu ya uso, "ulimwamini nani?"

"Yeye."

"Ulikitengeneza vizuri mno, Gershom."

"Najua."

Akamzaba kofi kwenye mdomo ule ule uliopasuka. Gershom hakukwepa. Akamzaba la pili, la tatu likakosa nguvu, akamshika shati kifuani na kulia.

"Kwa nini uligeuka?"

"Niliiona shingo yako."

"Basi uliiamini shingo. Mimi hukuniamini."

Gershom aliitikia kwa kichwa.

"Naondoka," alisema Mehitabel, akifuta macho. "Naenda Rhode Island. Ukitaka kuja njoo, lakini utembee nyuma yangu. Mimi nitakwambia lini usogee."

Walipita msitu wa baridi hivyo hivyo, yeye mbele, mhunzi nyuma na mzigo wa vyombo. Siku ya tatu mvua ya barafu iliwapiga, akamwita aje washirikiane blanketi. Hakumrudisha nyuma tena.

Huko Rhode Island karani wa ndoa alikuwa mzee mnene aliyekuwa akitafuna kitunguu.

"Mnaoana kwa hiari yenu?"

"Kwa hiari," alisema Gershom.

"Bado," alisema Mehitabel. "Nina neno. Nikisema jambo, huyu ataniamini kwanza, ndipo aulize."

"Mama, hilo halimo kwenye kiapo."

"Liongeze."

Mzee alimtazama Gershom.

"Nitamwamini kwanza," alisema Gershom, maneno yakivuja penye pengo la meno.

"Kwa sauti," alisema Mehitabel. "Nilichomwa mbele za watu. Sitaki uniapie kwa kunong'ona."

Gershom alivuta pumzi, akaapa kwa sauti iliyowafanya wauza samaki nje wanyamaze na kugeuka. Mehitabel akangoja mpaka wote wamesikia, ndipo akampa mkono.