Vigingi vya Uwanjani

Kila asubuhi Chepkurui alichota maji kwenye chemchemi iliyo upande wa chini wa uwanja wa kuchezea, akayapeleka nyumbani, kisha akaenda shuleni. Jumanne hiyo alitembea ameinamisha kichwa. Chini ya kitanda chake kulikuwa na vigingi kumi na viwili vya mpima ardhi.

Aliving'oa uwanjani Jumapili baada ya ibada. Alikuwa amesikia kwamba uwanja wote utakatwa ploti, kila nyumba na ua wake mkubwa, mpaka ukingoni mwa chemchemi. Hakumwambia mtu.

"Umesikia?" rafiki yake Shirley alimwuliza njiani, macho yamemvimba. "Watu wanasema baba yangu ndiye aliyeng'oa vigingi, eti kwa sababu alinyimwa ploti. Wanataka tufunge duka turudi tulikotoka."

Mzee Kinyua, baba yake Shirley, alikuwa na duka hapo sokoni Ndanai tangu kabla wasichana hao hawajazaliwa. Siku nzima darasani Chepkurui hakuelewa chochote.

Jioni chifu aliitisha baraza. "Kinyua aseme ukweli!" mtu alipaza sauti. Shirley akaanza kulia.

Chepkurui alisimama. "Si yeye. Ni mimi. Viko nyumbani kwetu."

Baba yake, Johana, alimkodolea macho. "Kwa nini, Chepkurui?"

"Niliogopa, baba. Nyumba zikifika chemchemini ikakauka, tutachota maji wapi? Na watoto wachezee barabarani?"

Johana alimwomba Kinyua msamaha mbele ya wote. Phelis, mpima ardhi, alikuwa amekasirika, lakini alifungua ramani yake akaitazama kwa muda mrefu.

"Tukipunguza ukubwa wa ploti, nyumba zikaribiane hapa kando ya soko," alisema, "watu wataenda dukani, shuleni na kwenye zahanati kwa miguu. Uwanja na chemchemi vitabaki."

Watu walibishana sana. Mwishowe wengi wakakubali.

Kesho yake Chepkurui alienda dukani kumwomba Mzee Kinyua msamaha, kisha akarudisha vigingi. Alivishika kimoja kimoja, Phelis akivigongelea kando ya soko.

"Hofu yako ilikuwa na maana," Phelis alimwambia. "Lakini ulitenda kwa siri, na asiye na kosa akaumia. Ukiona jambo linakwenda vibaya, liseme mbele ya watu, tena mapema."

"Nitafanya hivyo," Chepkurui akajibu, na safari hii alimtazama usoni.