Majina Tuliyoyaacha Unyagoni

Wa kwanza kuniambia habari hii alikuwa wifi yangu Rukaiya, tulipokuwa tunabangua korosho kibarazani kwangu. Aliisimulia kwa sauti ya chini, na kila mara alimtupia jicho binti yangu aliyekuwa akicheza na kifuniko cha ndoo.

Severina wa Kitangari, ambaye wakati ule wote tulimwita Mama Namwele, ndiye aliyekuwa msimamizi wa seva yetu. Ni kompyuta ndogo tu, iko kwenye chumba cha kikundi cha kina mama, inatumia umeme wa jua. Lupaso walikuwa na seva yao na Chiwata na yao, na zote zilikuwa zimeunganishwa. Mtu wa Lupaso akiandika kwenye simu yake, sisi tulisoma na kumjibu kama jirani.

Ujirani huo ukageuka ugomvi. Mtu akikosana na mwenzake, alimwita kwa jina la utoto, lile aliloliacha unyagoni, mbele ya watu wote. Kwetu hilo ni tusi kubwa. Anjelina alipofanyiwa hivyo, alimfuata Severina na ndoo ya maji kichwani, wala hakuitua.

"Mama Namwele, wewe hapa unalinda nini? Buibui?"

"Nitaweka kichujio, dada. Ila kompyuta haiyajui hayo majina. Lazima niyaandike."

"Basi andika. Langu kijiji kizima kimeshalisoma."

Severina akaomba kila mwanamke amtumie kwa siri jina aliloliacha. Mimi pia nilituma langu. Akayaingiza yote kwenye kichujio, na mwisho akaandika la kwake, Namwele. Katika ukoo wao, na wetu pia, jina unaloliacha unampa binti yako wa kwanza.

Kompyuta ikamuuliza: ujumbe wenye majina haya utupwe, au uzuiwe mpaka msimamizi ausome? Alitaka kuwajua wachokozi. Akachagua uzuiwe.

Ujumbe wa kwanza ulizuiwa mchana uleule. Haukuwa na tusi. Ulikuwa na jina la utoto la Anjelina, basi. Ukafuata wenye jina la mwanamke mwingine, halafu mwingine, kwa mpangilio uleule aliouandika yeye. Jumbe zote zilitoka Lupaso. Chumbani kulinuka moshi wa korosho zinazochomwa, na mikorosho ilikuwa bado haijatoa hata maua.

Akampigia Optatus, msimamizi wa Lupaso.

"Kaka, huko kwenu kuna mtu anatuchezea."

"Kwetu wapi, dada? Seva yetu iliungua na radi tangu masika. Mimi mwenyewe nilibeba mabaki yake kwenye gunia."

Severina akakata uhusiano na Lupaso. Jumbe zikaja kutoka Chiwata. Akakata na Chiwata. Zikaja kutoka Kitangari hapohapo, kwenye akaunti yake mwenyewe, huku mikono yake miwili imemshika binti yake, Namwele. Sasa lilibaki jina moja.

"Namwele. Mama yako ameniandikia jina lako. Wakubwa wameyaacha yao, hawaitiki. Wewe bado unalitumia. Itika."

Mtoto, ambaye hajui kusoma, aligeuza uso kuelekea ukutani akasema, "Abee."

Severina akabadilisha kichujio: jumbe zote zitupwe, asione hata moja. Kioo kikawa cheupe. Akapumua, akadhani amepona, na siku zile wanawake wakamsifu kwa kutuliza matusi, lakini nyumbani, jua likiwa utosini na watu wamelala, mtoto aliendelea kuitika, abee, abee, kwanza kutoka mkekani, kisha kutoka mlangoni, kisha kutoka nyuma ya tangi la maji la saruji ambalo mfuniko wake mzito mtu mzima anausukuma kwa taabu, na Severina alipokimbia huko akaukuta mfuniko umeshasogezwa, harufu ya korosho zilizoungua inapanda kutoka majini, na mwanawe ameinama ukingoni akitabasamu, amenyoosha mkono kama mtu anayepokelewa.

Alimnyakua akaenda naye moja kwa moja Chiwata, kwa Bibi Mwanne, mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mmekuja wawili, na mimi nasikia watatu?"

Severina akaeleza yote, kichujio na kutupa na kuzuia. Bibi Mwanne alisikiliza huku akitafuna tambuu.

"Kwa hiyo mlango wako haumfukuzi mgeni. Kwanza ulimkalisha sebuleni, ukawa unamsoma. Halafu ukaziba masikio yako, ukasema ameondoka."

"Nifanye nini, bibi?"

"Jina hilo limeshashikwa. Mwache alichukue, likiwa tupu."

Akamwosha mtoto kwa maji ya majani, akamfukiza ubani, akamnong'oneza jina jipya sikioni, na akamkataza Severina kulitamka la zamani hata akiota. Kitu kiligonga bati la nyumba toka ndani, kikalia kama mtu aliyenyimwa, kikatoka. Severina aliporudi Kitangari aliizima seva, akaufunga mlango wa chumba. Sasa tunamwita Severina tu.

"Basi hilo dude limeondoka," nikasema.

Rukaiya aliweka kisu chini. "Limemwacha yule. Bibi alisema limesoma majina yote, na linatafuta lipi bado lina mtu. Wewe ulituma lako?"

Nilimgeukia binti yangu, maana jina nililolituma sasa ndilo lake. Alikuwa ameacha kucheza na kifuniko, anatazama ukutani.

Asubuhi yake sikumwita kwa jina aje kunywa uji, kama nilivyozoea kila siku. Nilimwendea kimya, nikamgusa bega.

"Mama," akasema akiwa amefumba macho, "nimeshaitika. Mbona unaniita tena?"

Nilimfunga mgongoni nikashika njia ya Chiwata, na njia nzima alikuwa akiitika.