Jina la Maarika Halikuwemo kwenye Orodha

Jirani zangu hapa Haapsalu, mji mdogo wa pwani ya Estonia, ni Maarika na mumewe Tauno. Tauno hujenga majiko ya matofali ya kupashia nyumba joto. Maarika hufanya kazi jikoni kwake. Asubuhi, binti yao Liisu akishaenda shule, Maarika hufuta makombo ya mkate mezani, hufungua kompyuta, na hapo amefika kazini.

Kazi yenyewe iko Helsinki, Finland, ng'ambo ya bahari. Kampuni inaitwa Havu. Inatengeneza programu ya kuyapangia safari malori ya magogo, na Maarika ndiye anayeijaribu kabla haijafika kwa madereva. Akiona kosa, anaripoti. Ana jicho kali sana kwa makosa ya wenzake. Kwa karatasi zake mwenyewe, hakuwa nalo.

Mimi ni Helve. Nimestaafu. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa Tallinn, mji mkuu wetu, nikitunza vitabu vya wenye hisa vya kampuni mbalimbali: nani ana hisa ngapi, tangu lini, kwa karatasi ipi. Nikiwaeleza watu kazi yangu, wengi huanza kupiga miayo. Siwalaumu.

Jumamosi moja ya Oktoba nilikuwa nakamua maji ya tufaha uani. Maarika akapita kwenye upenyo wa uzio, akasimama.

"Mama Helve, una nafasi kidogo?"

Nikaacha tufaha palepale. Kwetu mtu yuko radhi apandishe kabati ngazini peke yake kuliko kumwomba jirani ashike upande mmoja. Maarika hajawahi kuniomba hata chumvi. Nikajua kuna jambo.

Jikoni kwao nilimkuta Tauno anakunywa kahawa, masizi mpaka kwenye nyusi. Maarika akanieleza yote kwa pumzi moja. Kampuni kubwa ya Sweden inataka kuinunua Havu yote. Mkataba utasainiwa si Ijumaa hii inayokuja, bali ile ya pili yake. Kabla ya hapo, Wasweden wameomba orodha ya watu wote wenye haki ya kununua hisa. Orodha imetumwa kwa kila anayefanya kazi Havu aihakiki. Jina la Maarika halimo.

"Miaka minne, Mama Helve," alisema. "Nilikataa kazi ya Tallinn iliyokuwa na mshahara mzuri. Antero aliniambia nikubali mdogo, halafu atanipa haki ya hisa. Nikakubali."

Antero ndiye mwanzilishi wa Havu. Maneno hayo aliyasema kwenye karamu ya kiangazi ya kampuni, wote wametoka sauna, chumba cha kuogea mvuke, wanachoma soseji. Baadaye alituma barua rasmi, na Maarika akaisaini kwa kadi yake ya kitambulisho kwenye kompyuta. Hadi hapo, sawa kabisa.

Tauno akaweka kikombe chini. Akasema yeye tangu zamani alikuwa anaiita barua ile mzigo wa hewa. "Mimi nimejenga majiko mia mbili bila karatasi hata moja," akasema. "Tunashikana mikono, basi."

"Na wangapi wamekukimbia bila kulipa?" nikamuuliza.

Akakitazama kikombe chake. Nikamwomba Maarika anionyeshe barua.

Kwanza nilitaka kujua kama wanaelewa kilichoandikwa. Hawakuelewa. Maarika alidhani tayari ana hisa elfu nne. Nikamwambia hapana, hana hisa hata moja. Alichopewa ni haki ya kununua hisa hizo baadaye kwa bei ya siku ile ya barua.

"Tauno, wewe unanunua kuni," nikasema. "Mwenye msitu akikuandikia leo kwamba kwa miaka kumi atakuuzia kwa bei hii ya leo, umepata kuni?"

"Sijapata. Nimepata bei."

"Umeelewa kuliko wengi niliowahi kuwafundisha. Kuni zikipanda, unanunua kwa bei ya zamani, na faida ni yako. Zikishuka, hununui. Hakuna wa kukulazimisha."

Na haki hiyo haiji yote siku moja. Ni kama kuni mbichi zilizopangwa nyuma ya nyumba. Huwezi kuzitia zote jikoni leo. Barua ya Maarika ilisema robo inaiva baada ya mwaka wa kwanza, robo nyingine mwaka wa pili, hivyo hivyo mpaka minne. Ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, huna kitu. Ukiondoka baadaye, unabaki na zilizoiva, lakini unapewa muda mfupi wa kuzinunua. Barua yake ilitoa siku tisini tu.

"Lakini mimi sikuondoka," Maarika akasema. "Jana tu nimeripoti makosa kumi na moja."

Ndipo nikamuuliza analipwaje. Akanitazama kama nimeuliza anavaa viatu namba ngapi. Akasema anapeleka ankara kila mwezi, kwa jina la kampuni yake.

Nikafumba macho. Hapa kwetu mtu hufungua kampuni yake mwenyewe wakati viazi vinachemka. Unakaa kwenye kompyuta, unasaini kwa kadi, viazi havijaiva na wewe ni mkurugenzi. Nusu ya mtaa huu ni wakurugenzi. Miaka miwili iliyopita Antero alimwomba Maarika aache kuwa mwajiriwa, awe mtu wa nje anayeleta ankara, kwa sababu kumwajiri mtu wa nchi nyingine kuliwasumbua watu wake wa ofisi. Maarika akafungua kampuni jioni ileile. Kazi ikabaki ileile, meza ileile, makosa yaleyale.

"Alikwambia nini kuhusu hisa?"

"Alisema hakuna kitakachobadilika."

"Aliandika?"

Hakuandika. Na barua inasema haki inakwisha ajira ikikwisha. Kwa watu wa ofisi Helsinki, ajira ya Maarika ilikwisha tarehe thelathini na moja Agosti, miaka miwili iliyopita. Siku tisini zikapita na hakununua kitu. Wakalifuta jina. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mwizi unaweza kumpigia kelele.

Maarika hakulia. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na kitu. Tauno akamshika mkono, masizi na yote.

"Barua ilikuja na kiambatisho," nikasema. "Kiko wapi?"

Kilikuwepo kwenye kompyuta. Kurasa thelathini na nne. Hakikuwahi kufunguliwa. Hicho ndicho kitu kikubwa, ndugu msomaji. Barua ni ya kurasa mbili na inapendeza. Sheria zenyewe za mpango zimo kwenye kiambatisho. Nikavaa miwani. Tauno akaniletea kahawa. Ukurasa wa ishirini na mbili nikakipata kifungu nilichokuwa nakitafuta. Kilisema mtu akiacha ajira na kuendelea kuihudumia Havu kwa mkataba, yeye au kampuni yake, bila siku hata moja kukatika katikati, bodi inaweza kuthibitisha kwa maandishi kwamba huduma yake haikukatika. Ikithibitisha, haki zake zinahesabiwa tangu mwanzo. Na inaweza kuthibitisha hivyo wakati wowote kabla kampuni haijauzwa.

"Kabla haijauzwa," Maarika akarudia.

"Yaani kabla ya Ijumaa ile ya kusaini. Sasa nionyeshe mkataba wa kampuni yako na Havu ulisainiwa lini."

Saini ya kadi ina tarehe na saa, na hakuna anayeweza kuisogeza. Ulisainiwa Agosti thelathini na moja, jioni, na ulianza kazi kesho yake. Hakukuwa na siku iliyokatika. Haraka ile ya viazi iliyomponza ndiyo iliyomwokoa.

Nikampa maagizo. Asiombe msamaha, wala asiombe fadhila. Aombe uamuzi wa bodi ulioandikwa, wenye jina lake, idadi ya hisa, bei, tarehe ya mwanzo, na maneno kwamba huduma haikukatika. Na kuhusu kodi, asimuulize Antero. Antero anazijua kodi za Finland. Maarika anaishi Estonia, basi amwone mtu wa kodi wa hapa kabla ya kununua hisa hata moja, kwa sababu sheria ya mwajiriwa na sheria ya mwenye kampuni huenda si moja.

Jumatatu saa nne wakaongea kwenye kompyuta. Mimi nilikaa pembeni nisikoonekana, namenya tufaha. Antero alishtuka kweli. Akasema atalishughulikia, asijali, yeye hawezi kumsahau mtu aliyekuwa naye tangu mwanzo. Alisema vizuri, na nadhani alimaanisha. Nikaona bega la Maarika linalegea, anataka kusema asante na kufunga kompyuta. Hapo kisu changu kikasimama.

Lakini akajinyoosha.

"Antero, mara ile ulisema hakuna kitakachobadilika," akasema. "Naomba sasa uliandike hilo, na bodi isaini. Kabla ya Jumatano ya wiki ijayo."

Watu wa pande zile nao si waongeaji. Antero akasema tu ni haki yake, na angepaswa kufanya hivyo miaka miwili iliyopita. Maarika akasema ndiyo, ungepaswa. Nilimwonea fahari kama binti yangu.

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu. Tauno alijenga jiko moja akalibomoa tena, akasema matofali yamekaa vibaya. Mimi nilikamua tufaha zote za kwangu na za jirani wa upande wa pili. Jumanne ya wiki iliyofuata, saa tisa mchana, Maarika akapita tena kwenye upenyo wa uzio. Safari hii alikuwa anakimbia na soksi tu, bila viatu.

Uamuzi wa bodi ulikuwa umefika, umesainiwa na wajumbe wote watatu. Jina, hisa elfu nne, bei ya miaka minne nyuma, tarehe ya kwanza kabisa. Huduma haikukatika. Haki zote zimeiva. Nikausoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya raha tu. Maarika akakaa kwenye kreti la tufaha, akalia kilio alichokuwa amekiweka siku kumi.

Na si yeye peke yake. Antero alipoambiwa na bodi akague orodha, alikuta watu wengine watatu waliohamia kwenye ankara kwa mtindo uleule, mmoja katika mji wa Batumi na wawili katika mji wa Porto, huko mbali. Hata mmoja hakuwa ameuliza. Yule wa Batumi alimwandikia Maarika mstari mmoja, kwamba yeye aliona jina lake halimo akadhani ndiyo kawaida. Maarika aliniambia mstari huo umemkaa moyoni kuliko hisa zenyewe.

Ijumaa mkataba wa mauzo ulisainiwa. Orodha ilikuwa na majina kumi na tisa, na la Maarika lilikuwa la saba. Jumamosi Tauno akawasha sauna, tukala soseji, na hatukuahidiana kitu.

Jumatatu Tauno alinipitia akielekea kazini. Kuna mama mmoja wa Ridala, karibu na hapa, alikuwa anataka jiko, na walikwisha kubaliana kwa simu. Tauno alikuwa ameshika daftari jipya la shule, la Liisu, lenye picha ya farasi.

"Mama Helve," akasema, huku anatazama kando, "tarehe inaandikwa juu au chini?"

Nikamwambia popote, mradi iwepo. Akaiandika juu, kisha akaniomba kalamu nyingine ili yule mama naye asaini.