Nani Atasaini kwa Fundi Paa?

Mshonaji alikuwa kibarazani akipinda sketi za shule. Sindano ilimchoma kidole mara ya tatu asubuhi ile. Chumbani, mume wake amelala na plasta mguuni, analalamika chai ni ya moto, kisha analalamika imepoa.

Mume huyo ni fundi paa. Aliteleza juu ya bati lenye umande, akaanguka. Mfupa wa mguu ulifungwa, lakini ukakataa kuunga. Baada ya wiki mbili angepasuliwa.

Mshonaji hakuogopa kisu. Aliogopa kalamu.

Siku ya ajali mume alikuwa hajitambui. Muuguzi aliuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

"Una cheti cha ndoa?"

Hakuwa nacho. Kaka wa mume akatoa kitambulisho chenye jina la ukoo, akaingizwa ndani. Mshonaji akabaki kwenye benchi. Kupitia mlango alimsikia shemeji yake akisema, "Kama mguu una shida, kateni tu yaishe." Bahati nzuri, daktari akasema wasubiri kwanza.

"Na safari hii?" alimwuliza jirani yake. "Akiwa amelala kwa dawa, nani atasaini?"

Jirani alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya msajili wa ndoa. Mtaa mzima ulimwita Mama Mihuri. Alikuja kuchukua gauni lililombana, naye alishikilia kwamba gauni ndilo lililopungua.

"Nani aliwaozesha?"

"Sheikh wa hapa nyuma. Nyumbani kwetu, miaka kumi na saba sasa."

"Aliwaandikisha?"

"Alisoma, akaomba dua, akala, akaondoka."

"Kula hakusahau," alisema Mama Mihuri.

Sauti ya mume ikatoka chumbani. "Mama, usimpeleke kwa msajili. Watatuuliza miaka yote hii tuliishije. Watatufunga."

"Wakifunga waliochelewa, gereza litajaa mabibi harusi. Wewe kunywa chai."

Mshonaji alinong'ona, "Kwa hiyo mimi si mke?"

"Ni mke, mwanangu. Walii wako, yaani baba yako, alikuwepo, mashahidi wawili walikuwepo, mahari yalitajwa, nawe uliridhia. Mbele ya Mungu mambo yenu yako sawa. Ila serikali haikuambiwa, na serikali huona kwa karatasi tu."

"Tutafunga nikaha upya?"

"Ya nini? Nendeni ofisini mkaulize, maana kila mahali pana utaratibu wake. Kwetu sisi tulitaka vitambulisho, picha, barua ya sheikh, na shahidi. Na binti yako akiolewa, muulize sheikh mapema kama ana kibali cha kusajili. Usisubiri mtu aanguke kwenye paa."

Kisha akauliza, "Mashahidi wenu wako wapi?"

Mshonaji alikata uzi kwa meno. "Mmoja amefariki. Wa pili ni shemeji."

"Yule yule?"

"Yule yule."

Shemeji alikuwa kinyozi. Mshonaji alimkuta kibandani kwake na wembe mkononi, ananyoa kidevu cha mteja.

"Karatasi ya nini?" alisema bila kugeuka. "Kaka yangu hajafa."

"Ndiyo maana naitaka sasa, shemeji."

"Unaniona mimi mkatili."

Mshonaji aligeukia mlango. "Jumatatu, saa mbili, ofisi ya msajili," alisema, akaondoka.

Jumatatu kinyozi hakuonekana. Saa tatu wakaitwa ndani. Fundi paa aliingia na magongo yake, jasho linamtoka. Karani wa ndoa alisoma barua ya sheikh, akamtazama mshonaji.

"Ulikuwepo nikaha ikifungwa?"

"Hapana. Nilikuwa chumba cha ndani na wanawake." Aliona tayari ameharibu kila kitu kwa ulimi wake.

"Si lazima uwe sebuleni," alisema karani. "Lazima uwe umeridhia. Nani alikusikia?"

Alimtazama mume wake. Mume alitazama sakafu.

"Mimi," sauti ilisema mlangoni. Kinyozi alikuwa na nywele za mteja begani bado. "Baba yake alimwuliza mlangoni kwake, nami nimesimama kando. Alijibu kwa sauti ya panya, hatukusikia. Akaulizwa tena. Akasema ndiyo, na kama tunataka abadili mawazo, tuendelee kuuliza."

Karani alicheka, akaandika.

Nje, kinyozi alipangusa shati lake. "Siku ile hospitali niliogopa, shemeji. Najua kusaini. Kuuliza sikujua."

Cheti kilitoka siku mbili kabla ya upasuaji. Mama Mihuri aliwalazimisha kulinganisha majina na vitambulisho, herufi kwa herufi, kisha akawatuma kutoa nakala tatu.

Siku yenyewe, mshonaji na kinyozi walikaa benchi moja. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa.

"Jamaa wa fundi paa?" aliuliza daktari.

Wote wawili walisimama. Kinyozi akakaa. "Mke wake huyo," alisema.

Daktari hakuuliza mara mbili. Cheti kilikuwa tayari kwenye faili. "Mfupa ni mbovu kuliko tulivyodhani. Tunaweza kukata mguu, au tuondoe kipande kibovu tuweke chuma."

"Chuma kikikataa?"

"Tutaonana tena, tutaamua."

"Na uhai wake?"

"Kwa sasa hauko hatarini."

"Wekeni chuma," alisema. Akasaini fomu; jina lake lilipanda juu ya mstari, lakini lilisomeka.

Alikaa saa nne, akihesabu vigae vya sakafu na kusahau alipofika.

Jioni waliruhusiwa kuingia. Fundi paa alikuwa ameamka, anapapasa chini ya shuka. Alipapasa mguu mmoja. Akapapasa wa pili. Akafumba macho.

"Nani kasaini?"

"Mkeo," alijibu kinyozi.

"Yupi?" aliuliza, ulimi mzito kwa dawa.

"Wewe pona kwanza," alisema mshonaji, akimvutia shuka. "Kisha utanieleza tuko wangapi."