Neno Lililomponyoka Dervla

Kila asubuhi Dervla Mulvihill alipitia nyumbani kwa akina Siqueira ili aende shule na rafiki yake Taís. Hakuwa na haja ya kubisha hodi. Mama Taís alikuwa amekwisha kufungua mlango, mkononi ana kijimkate cha jibini cha moto. "Chukua, binti," alikuwa akisema. "Mvua hii haitaki tumbo tupu." Kisha wasichana hao wawili waliteremka barabara ya kanisani wakigombea mwavuli mmoja, wakicheka hata lisilochekesha.

Wote wawili walikuwa darasa la sita. Dervla alikuwa na ulimi mwepesi, na katika mabishano hakuna aliyemweza. Taís alikuwa mkimya. Wazazi wake walitoka Brazili alipokuwa na miaka minne, na sasa aliongea Kiingereza cha katikati ya Ireland kama aliyezaliwa pale. Katika mpira wa magongo, akisimama golini na gongo lake, mpira haukumpita kirahisi.

Msimu ule timu ya shule ilipovuka bahari kwenda Liverpool kushindana, Taís alisema anaumwa tumbo. Dervla hakuridhika. Timu iliporudi alimbana mpaka akasema kweli.

"Baba hana kibali," Taís alinong'ona. "Sisi sote hatuna. Nikitoka nje ya nchi hii, siwezi kurudi. Niapie hutamwambia mtu."

Dervla akaapa, na kweli alitaka kukitimiza kiapo chake.

Mwezi Februari, Mwalimu Tiernan aliandaa mjadala darasani. Hoja ilikuwa kwamba serikali iwape vibali watu wanaoishi nchini bila ruhusa. Walipiga kura ya nani awe upande gani, na Dervla akaangukia upande wa kupinga. Alifurahi, maana kupinga alikupenda. Hakufikiri hata kidogo juu ya Taís, aliyekaa karibu na dirisha.

"Mtu akiruka foleni dukani tunamrudisha nyuma," alisema Dervla, kidevu juu. "Kuna watu wanangoja miaka kupata ruhusa, na wanangoja kwa haki. Leo tukimpa aliyeingia bila kungoja, tumewacheka waliongoja. Au nchi yetu ina thamani ndogo kuliko duka?"

Makofi yalipigwa. Hata Mwalimu Tiernan alitikisa kichwa kukubali kwamba hoja ilikuwa na uzito.

Ndipo aliposimama Oisín Garvey, kijana aliyependa utani. "Haya, hao waruka foleni wako wapi? Wewe umemwona hata mmoja? Au unatutisha na mazimwi?"

Darasa likaangua kicheko. "Dervla leo kaishiwa!" akapaza sauti mmoja wa nyuma. "Mleteeni maji!"

Masikio yakamwaka moto. Alitafuta jibu, na jibu alilolipata lilimtoka kabla hajalipima. "Mazimwi? Yupo mmoja humu humu darasani, na baba yake anakata nyama kiwandani bila kibali!"

Hakutaja jina. Lakini macho yake yalikwenda dirishani, na macho ya darasa zima yakayafuata.

Taís hakulia. Alikusanya vitabu vyake polepole, akavitia mkobani, akatoka. Mwalimu Tiernan aliusimamisha mjadala na kumfuata mbio, lakini msichana alikuwa amekwisha kuvuka lango.

Siku iliyofuata mlango wa akina Siqueira ulikuwa umefungwa, na Dervla alipobisha hakuna aliyeitika. Taís hakuonekana shuleni siku ile wala kesho yake. Jirani akasema kwamba Rosângela, mama yake Taís, hakwenda kwenye kazi yake ya kumtunza bikizee mmoja, na kwamba Valdir, baba yake, hakuonekana kiwandani. Wakati wa mapumziko Oisín alimjia Dervla bila utani wowote. "Sasa umeshinda," alisema. "Umefurahi?"

Jioni ile, mama yake akimenya viazi, Dervla alimweleza yote. Alipomaliza akaongeza, kama anayejitafutia pa kuegemea, "Lakini Mama, si sheria ni sheria?"

Mama yake, Bríd, aliweka kisu chini. "Unadhani kwa nini mjomba wako Cathal hakuja kumzika bibi yako?"

"Kazi zilimzidi. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilikudanganya, mwanangu. Cathal aliingia Amerika kwa ruhusa ya matembezi, ruhusa ikaisha, akabaki. Miaka yote hii anapaka rangi nyumba za watu Boston. Angekuja mazishini, asingeruhusiwa kurudi kwa mkewe na watoto. Alimzika mama yake kwa kutazama simu, amejifungia garini peke yake."

Dervla alimkumbuka mjomba huyo wa kwenye simu, mcheshi, anayemwita "mwanasheria wangu". Akauliza, "Kwa hiyo ile sheria ya Amerika ni mbaya?"

"Sijasema hivyo. Cathal alikosa, na kosa lake analilipa. Ila ni ndugu yangu, Dervla. Nisingependa mtoto wa mtu amtaje darasani ili apigiwe makofi." Akavua aproni. "Vaa koti. Twende."

Walibisha sana kabla ya kufunguliwa. Ukumbini masanduku yalikuwa yamepangwa mpaka ngazini. Valdir, mtu mrefu mwenye mikono mipana, alisimama akiizuia njia. Nyuma yake Taís aliketi ngazini, uso kaugeuzia ukutani.

"Mzee Valdir," alianza Dervla, "ni mimi niliyesema. Taís aliniamini, nami nikamuuza ili nisichekwe. Naomba mnisamehe. Msihame kwa ajili yangu."

"Ulichosema ni kweli," Valdir alijibu. "Lakini kweli hiyo haikuwa yako, mtoto. Ilikuwa yetu."

"Mnakwenda wapi?" Bríd aliuliza.

"Dublin. Mji mkubwa, hakuna anayekujua."

"Na baada ya Dublin?"

Rosângela akatoka jikoni, macho mekundu. "Ndilo ninalomuuliza! Tutajificha mpaka lini? Valdir aliingia nchi hii na kibali halali. Bwana wa kiwanda cha kwanza aliahidi kukihuisha, akawa anasema kesho, kesho, mpaka kikafa. Tangu hapo tunaogopa hata kumuuliza mtu!"

"Basi hamkuruka foleni," alisema Bríd. "Mlisukumwa nje yake. Mjini Athlone kuna wakili anayesaidia wafanyakazi bila malipo. Kumuuliza swali si kujikabidhi kwa polisi. Nitawapeleka mwenyewe."

Valdir alimtazama mkewe, kisha masanduku, kisha binti yake ngazini. "Nimechoka kukimbia," alisema.

Wakili, Bi. Gormley, hakuwapamba kwa maneno matamu. "Sheria ina njia kwa mtu aliyekuwa na kibali akakipoteza bila kosa lake," aliwaambia. "Ni njia nyembamba, na wanaweza kukukatalia. Nisikudanganye. Lakini asiyeomba hapewi."

Waliomba. Masanduku yakafunguliwa, Taís akarudi shuleni. Siku aliyorudi, Dervla alisimama mbele ya darasa na kuomba radhi, bila kujitetea hata neno moja. Taís alimsikiliza, kisha akasema, "Nimesikia. Bado nina hasira." Kwa wiki nyingi walikwenda shule kila mmoja na njia yake, na Dervla alijifunza kwamba radhi huombwa siku moja, ila imani hujengwa kidogo kidogo.

Kibali kilitoka mwanzoni mwa Juni. Rosângela alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Kesho yake asubuhi, Dervla akitoka kwao, alimkuta Taís amesimama barabarani.

"Utachelewa," Taís alisema. "Au unaningoja nikubebe?"

Siku ya mwisho ya muhula, Oisín aliinua mkono. "Mwalimu, ule mjadala wetu nani alishinda?"

Mwalimu Tiernan aliegemea meza. "Haukwisha, wala huko bungeni haujaisha. Dervla alisema kweli kwamba nchi lazima iwe na sheria, na walio kwenye foleni wana haki yao. Nawe, Oisín, ulikuwa na haki ya kudai uonyeshwe hao watu badala ya kutishwa nao. Bishaneni juu ya sheria mpaka sauti ziwakauke. Ndivyo sheria zinavyorekebishwa. Lakini siri ya mtu aliyekuamini usiifanye fimbo ya kushindia. Na mkiona mtu anajificha kwa hofu, msimcheke wala msimchongee. Msaidieni aupate mlango, kama sheria imemwekea."

Dervla, ambaye kwa kawaida hakuacha neno lipite bila jibu, safari hii aliokota mkoba wake, akamngoja Taís mlangoni.