Mkoa Uitwao Séphora

Giza lilikuwa linaanza kuingia Dorcelle alipokwenda depo ya malori kumwita mumewe, Lévi. Séphora, binti yao wa miaka sita, alikuwa akiungua kwa homa tangu saa nane, na Lévi hakupokea simu. Dorcelle alijua kwa nini. Tangu vita vifunge barabara ya Kivu na malori yake yakwame huko, mwanamume mzima anashinda kwenye kompyuta akijenga ufalme wa mchezo! Hasira zilimpanda njia nzima.

Depo ilikuwa tupu, ila Lévi mbele ya kioo cha kompyuta. Ilinuka... udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Papa Séphora. Mutoto iko mubaya. Twende ku lopitalo, kwa daktari."

"Ngoja kidogo," Lévi alinong'ona. "Niko nasaini amani."

Dorcelle akaitazama ramani ya ufalme kwenye kioo. Mumewe alikuwa ameipa mikoa yake majina ya ndugu zake waliotawanywa na vita, ili angalau humo wakae pamoja. Bahati, mdogo wake. Joséphine, shangazi yake. Mikoa hiyo miwili ilikuwa imegeuka myeusi.

Bahati alizikwa mwezi uliopita. Joséphine, Jumapili. Wote walisema ni vita.

"Hii ya nyeusi, nani alichukua?"

"Hakuna mwenye alichukua. Nilishindwa vita, njo nikatolea adui ile mikoa, anipe amani."

Dorcelle akasoma tena majina yale mawili. Tangu utotoni aliambiwa kwamba mlozi, yaani mchawi, hamli mtu mpaka ndugu wa mtu huyo amtoe mwenyewe.

Kwenye kioo, adui asiye na uso alikuwa anasubiri. Safari hii alitaka mkoa mmoja tu.

Séphora.

"Ni jeu tu ya kucheza, mama," Lévi alisema, kidole kikishuka. "Kesho nitakarudisha."

"Mushenzi! Unatoa mutoto wangu?"

Aling'oa waya ukutani. Kioo hakikuzimika.

Du... du... du...

Ngoma ililia ndani ya kompyuta isiyo na umeme. Dorcelle akamsukuma mumewe chini, akakalia kiti chake. Majibu yalikuwa matatu: Kubali. Kataa, na vita viendelee. Toa mkoa mwingine. Macho yake yakatafuta mkoa wa mji mkuu. Kwa majivuno ya mumewe, angeuita jina la nani?

Lévi.

Akabonyeza.

Asubuhi Séphora aliomba uji. Daktari alisema moyo wa Lévi ulisimama kwa mawazo ya malori, na msibani watu walikubali. Dorcelle alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Hajamsamehe, maana ni Lévi aliyemfundisha kutoa mtu.

Kompyuta ameifungia sandukuni. Jioni moja ngoma ilipozidi, akafungua. Jina la mtawala wa ufalme lilikuwa limebadilika.

Mama Séphora.

Na adui alikuwa tena mpakani, anasubiri jibu.